Damu ya Mzee

Kopo la peremende za kikohozi, kifuniko kimeshika kutu.
Ndani mna vyambo thelathini na kitu,
kimoja hakizidi punje ya dengu,
na chini ya rangi, kwenye tumbo la risasi,
mikato ya kisu: mmoja, miwili, mitatu, msalaba.
Nimevimwaga mezani leo, mara ya kwanza bila yeye.

Waino hakuweza kutenga nyekundu na kijani.
Kwake zilikuwa mapacha waliovaa vumbi.
Mgodini, kaskazini mwa Minnesota, hakumwambia mtu;
miaka ishirini na tisa aliendesha lori la chuma akikariri:
taa ya juu simama, ya chini nenda.
Siri ile ilikuwa yetu, mimi na yeye na samaki.

Kila Ijumaa usiku, theluji ikipapasa dirisha,
alinyanyua kimoja karibu na taa.
"Aili, hii?"
Kijani cha ndimu.
"Na hii?"
Waridi, kama fizi za paka.
"Hii je?"
Damu ya mzee.
Hapo alicheka kila mara, akautazama mshipa wa mkono wake:
"Basi ninayo nyingi."

Dewey wa duka la chambo ana sheria zake;
hizo hukupa bure, funza wa nta ndio anakuuzia.
Jua kali, dhahabu. Mawingu, nyeupe.
Maji yakiwa rangi ya chai, kama haya yetu
yanayolowekwa na mizizi ya misonobari, kijani au chungwa.
Samaki wakinuna, hapo sasa waridi.
Nami nawajua hao samaki wa kikaango,
bapa kama kiganja, sikio la buluu nyuma ya shavu.
Hawashambulii. Huvuta chambo kama mtu aonjaye supu ya moto,
kikiwachukiza hukitema kabla hujapepesa jicho.

Januari moja tuligombana. Aliuza kinanda cha mama yangu
akanunua keekee ya petroli ya kutobolea barafu,
akaiingiza ndani, ikadondosha mafuta
palepale kinanda kilipokuwa.
Ijumaa ikafika. "Aili, hii?"
Nikampiga changa la macho, uso mkavu:
waridi nikaiita kijani, kijani nikaiita waridi,
nikalala fofofo.

Kesho yake ziwa zima lilishika kijani.
Walirudi na wawili, watatu. Dewey hakupata hata gamba.
Waino akaja na ndoo imefurika,
samaki ishirini na sita, mmoja bado akipigapiga mkia.
"Kijani yako hiyo," akasema, "ina miujiza."
Niliparua magamba hadi saa sita bila kuinua kichwa.

Leo ndipo nimeisoma mikato kwa kidole gumba.
Mmoja, kijani. Miwili, chungwa. Msalaba, waridi.
Hakuna hata mmoja uliokosea.
Sijui alimuuliza nani.
Sijui alikata lini, kabla ya Januari ile au baada.
Ninachojua ni kwamba aliendelea,
miaka kumi na saba zaidi, kila Ijumaa,
"Aili, hii?"
na jibu lipo chini ya kucha yake.

Kibandani kuna baridi ya kuuma meno.
Nimefunga kile cheusicheusi chenye mikato mitatu,
nakishusha tunduni, nakifuata kwa macho.
Nusu pima: bado ni damu.
Pima moja: kahawa iliyolala.
Mbili: masizi.
Halafu rangi yenyewe haipo,
kuna kitu kidogo tu kinachotetema gizani,
na labda hicho ndicho alichokuwa akikiona, mezani kwangu, siku zote.

Uzi unakazika. Si mvuto, ni pumzi.
Nje buti za Dewey zinasaga theluji,
sauti yake inapenya turubai:
"Bi Rautio! Unatumia ipi?"
Nangoja. Ncha ya fimbo inazidi kuinama.
"Kijani," namwambia.